Tani Peke Yake Hazipimi Shehena ya Ndege

Shehena ya ndege haifiki hata asilimia 1 ya ujazo wa biashara ya dunia, lakini thamani yake ni kama theluthi moja ya thamani yote. Anayelipa nauli ya ndege ananunua muda, na kwa hiyo ni kosa kupima ukuaji wa sekta hii kwa tani peke yake. Tazama waridi la Naivasha: hukatwa, hupozwa hadi nyuzi chache juu ya sifuri, hupandishwa lori la baridi hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, kisha huruka kwenda Uholanzi. Angani ni takriban saa 8 tu. Hatari kubwa iko chini, maboksi yanaposubiri juani kwa sababu karatasi za ukaguzi hazijakamilika. Kila saa ya namna hiyo hupunguza siku za ua dukani, na hesabu ya tani haionyeshi hasara hiyo hata kidogo.

Wasafirishaji watajibu kwamba tatizo ni uhaba wa ndege, na wana hoja: Aprili 2010, majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga ya Ulaya, maua ya Kenya yalitupwa kwa wingi. Lakini ndege ya ziada hailindi ua linalonyauka kwenye lami, tena inahitaji mzigo wa kurudi nao. Wakati huohuo, baadhi ya wakulima wameshaanza kutumia meli kupitia Mombasa. Kampuni inayojua ni maboksi mangapi yalipanda ndege iliyopangwa, na yalikaa muda gani nje ya baridi, ndiyo itakayoweza kumweleza mkulima kwa nini aendelee kulipa nauli ya juu.