Pampu mbili ndogo huokoa mtaji wa samaki wa mapambo

MFANYABIASHARA wa Mbagala anayefuga samaki wa mapambo wa baharini kwenye tangi la kioo akumbuke kuwa maji ya chumvi, tena yenye joto, hubeba oksijeni kidogo kuliko ya mtoni. Yakituama nyuma ya mawe, uchafu hujikusanya, samaki hufa na mtaji hupotea.

Tangi la lita 200 lenye matumbawe huhitaji mzunguko wa takriban lita 4,000 kwa saa. Pampu mbili za lita 2,000, zikielekezwa ili mikondo yake ikutane karibu na uso wa maji, hufaa kuliko moja kubwa: pembe zote hufikiwa, na moja ikiharibika nyingine huendelea. Zisafishwe kila mwezi. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe tayari.