Moyo Umechoka, Mbona Mwili Unauchapa?

Tukitembelea wagonjwa katika jumuiya zetu ndogo ndogo, mara nyingi tunakuta mama au mzee aliyevimba miguu. Usiku halali bila kuinuliwa kwa mito, na akitembea kidogo pumzi inamwishia. Huyu anasema amerogwa, yule anasema ni uzee. Hospitali wanampima na kusema moyo umeshindwa na kazi. Anapewa vidonge, uvimbe unaisha, basi anaviacha ati amepona. Baadaye anarudi hali ikiwa mbaya zaidi. Kwa nini? Jibu liko katika homoni.

Homoni ni wajumbe wanaosafiri ndani ya damu wakipeleka amri kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Baadhi yao huitwa peptidi, yaani vipande vidogo vya protini.

Moyo unavyojikaza

Moyo ni msuli. Kila chembe yake ina ghala dogo la kalsiamu. Kalsiamu ikitoka ghalani, chembe inajikaza na damu inasukumwa. Ikirudi, chembe inalegea na moyo unajaa tena. Katika moyo uliochoka, kalsiamu inarudi polepole na ghala halijai vizuri. Kwa hiyo pigo linalofuata ni dhaifu.

Amri isiyofaa

Damu ikipungua kufika kwenye figo, figo hazijui kwamba moyo ni mgonjwa. Ni kama zinadhani mtu ametokwa na damu. Zinaanzisha kazi ya kutengeneza peptidi iitwayo anjiotensini. Hiyo inabana mishipa ya damu na kuufanya mwili uzuie chumvi na maji. Kwa mtu aliyeumia, huo ni msaada mkubwa. Kwa moyo uliochoka, ni kama kumchapa ng'ombe wa plau aliyeishiwa nguvu: atajikokota hatua chache, halafu ataanguka. Maji yanajaa miguuni na mapafuni. Tena anjiotensini inagusa chembe za moyo zenyewe. Zinanenepa, makovu yanaingia katikati yao, na moyo unazidi kunyong'onyea.

Kumbe moyo nao hujitetea! Mwaka 1981 huko Kanada, mtafiti Adolfo de Bold na wenzake walisaga msuli wa vyumba vya juu vya moyo wa panya, wakawadunga panya wengine maji yake. Panya hao wakakojoa maji na chumvi nyingi. Ndipo ikajulikana kwamba moyo wenyewe hutoa peptidi za kupunguza maji na kulegeza mishipa. Lakini ugonjwa ukizidi, nguvu za anjiotensini zinazishinda hizo.

Vidonge vinafanya nini?

Vidonge vya kukojoza hutoa maji yaliyokwisha kujaa. Vingine, kama enalaprili, huzuia anjiotensini isitengenezwe, yaani vinamnyang'anya mchapaji kiboko. Mwaka 1987 ulichapishwa utafiti wa Ufini, Norwe na Uswidi juu ya wagonjwa 253 waliokuwa na hali mbaya sana. Baada ya miezi 6, katika kila wagonjwa 100 waliopewa enalaprili walikuwa wamekufa 26. Kwa wale ambao hawakuipewa, walikufa 44. Basi uvimbe kuisha si kupona. Ukiacha dawa, kiboko kinarudi.

Mambo ya kushika

1. Usiache dawa bila kuongea na daktari, hata ukijisikia mzima. Ikikuletea kikohozi kikavu, rudi kliniki ubadilishiwe.

2. Mama mwenye mimba, au anayetaka kupata mimba, amwambie daktari mapema. Enalaprili inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

3. Punguza chumvi. Usinunue ovyo dawa za maumivu kama ibuprofeni, kwa sababu zinazuia maji mwilini.

4. Jipime uzito kila asubuhi kama mizani ipo. Ukiongezeka kilo 2 kwa siku 3, nenda kliniki bila kungoja.

5. Miguu ikivimba, pimwa. Hata figo au ini huweza kuleta uvimbe.

Wengi huacha dawa si kwa ukaidi, bali kwa kukosa nauli na pesa ya vidonge. Viongozi wa jumuiya, ulizeni nani kwenu anameza dawa za moyo, na zimebaki za siku ngapi. Mchango mdogo kabla hazijaisha ni bora kuliko harambee ya mazishi.