Kusudi moja tu

Siku ya mafungo twakusudia mambo kumi. Mwezi ukipita hatukumbuki hata moja. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548, anatufundisha ginsi nyingine. Shika kosa moja tu. Asubuhi kusudia kulishinda. Kisha chakula cha mchana, na tena kisha cha jioni, jiulize: nimeanguka mara ngapi? Kwa kila anguko tia alama moja katika mstari wa siku ile. Linganisha leo na jana, juma hili na lililopita. Alama zikipungua, mshukuru Mungu. Zikizidi, usizifiche: mwonyeshe padri anayekuongoza. Maana ajihesabiaye peke yake hujisamehe upesi.