Uchovu wa Mgonjwa wa Saratani: Kipi Kinasaidia, Kipi Kinaponza



Mgonjwa wa saratani aliye katika matibabu akisema amechoka, hasemi kile anachosema mkulima aliyetoka shamba saa nane mchana. Mkulima akioga, akala, akalala, kesho yake yuko shambani. Mgonjwa huyu analala saa kumi na kuamka amechoka kuliko alivyolala. Ni tatizo linalowapata wagonjwa wengi kuliko karibu madhara mengine yote ya matibabu, lakini ndilo linaloelezwa kidogo zaidi kwa daktari, kwa sababu kwetu uchovu una jirani mbaya anayeitwa uvivu. Mama mmoja niliyemtembelea katika utume wa wagonjwa, akiwa amemaliza dripu ya tatu, aliniambia kwa sauti ya chini ili wakwe wasisikie: "Frateri, hata kumenya ndizi mbili mkono unagoma." Juu ya kabati lake kulikuwa na chupa nne zisizo na lebo, zote zimeletwa na watu wanaompenda.

Chupa hizo ndizo zilizonifanya nisome habari hii. Mimi si daktari, ni mwanafunzi wa falsafa, na ninayoyaandika hapa hayachukui nafasi ya maneno ya daktari wako. Ila nimeona kwamba sehemu kubwa ya mkanganyiko si ya kitabibu. Ni ya maneno, na ni ya namna tunavyofikiri kuhusu sababu na tokeo.

Tuanze na neno. Tunasema "tiba mbadala" kwa kila kitu kisichotoka hospitali, na neno hilo linatupotosha. Mbadala ni kinachochukua nafasi ya kingine. Anayeacha mionzi ili anywe mizizi ametumia tiba mbadala. Anayeendelea na mionzi huku akitembea kila asubuhi, akikandwa mabega na kujifunza kupumua taratibu ametumia tiba saidizi. Kitu kilekile kinaweza kuwa hiki au kile. Tangawizi haibadiliki, kinachobadilika ni kama mgonjwa bado anahudhuria kliniki. Na tofauti hiyo ina uzito wa uhai. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 281 ambao saratani yao ilikuwa bado inatibika, lakini wakachagua tiba mbadala peke yake. Walipolinganishwa na wagonjwa waliofanana nao waliotibiwa hospitali, hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu.

Sasa uchovu wenyewe. Hauna sababu moja. Dawa za saratani hupunguza utengenezaji wa damu, na mwenye damu pungufu huchoka. Mwili unaopambana hutoa kemikali za kinga za aina ileile zinazotufanya tulegee tukiwa na malaria, isipokuwa hapa hudumu kwa miezi. Ongeza chakula kisichopita, kichefuchefu, maumivu yanayokatiza usingizi, hofu, sonona, na misuli inayonywea kwa kulala muda mrefu. Mdundo nao hutofautiana. Kwa dripu, uchovu mara nyingi hupanda siku za kwanza baada ya kila mzunguko, kisha hushuka kabla ya mzunguko unaofuata. Kwa mionzi, inayotolewa siku tano za juma kwa majuma kadhaa, huanza kidogo na kujilimbikiza. Mgonjwa aliyesafiri kutoka mkoani hadi Ocean Road au Bugando anaweza kuhisi mwisho wa matibabu ni mgumu kuliko mwanzo, na uchovu ukaendelea majuma au hata miezi baada ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya tiba saidizi yoyote ni kumwambia daktari, na kumwambia kwa kipimo. Hospitali nyingi duniani hutumia namba: sifuri ni hakuna uchovu, kumi ni uchovu usioweza kuwa mbaya zaidi. "Jana nilikuwa nane, leo sita" humsaidia daktari kuliko "nachoka choka tu." Kama damu imepungua, au tezi ya shingo haifanyi kazi sawasawa, au maumivu hayajadhibitiwa, hayo yana matibabu yake, na hakuna kukandwa kutakakoyaondoa.

Hapa naomba ruhusa ya kuingiza somo la Mantiki, ambalo wenzangu wa mwaka wa kwanza huliona halina matumizi. Kuna kosa la kufikiri linalojulikana tangu zamani: jambo hili limetokea baada ya lile, basi limesababishwa na lile. Jogoo amewika, jua limetoka. Rudi kwenye mdundo wa dripu. Mgonjwa anapewa dripu Jumatatu. Jumatano amelala hoi. Alhamisi jirani analeta chupa. Jumapili mgonjwa anaonekana kanisani. Chupa imeshinda! Kumbe uchovu ungeshuka hata kama jirani asingefika, kwa kuwa ndiyo tabia yake kupanda na kushuka. Jirani hadanganyi, anashuhudia alichokiona. Wanaosoma falsafa tunajua kwamba kuona matukio mawili yakifuatana si kuona kiungo kilichopo kati yake. Mwaka 2011, foleni ya watu waliokuwa wakielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 haikukosa mashuhuda. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu pia waliokunywa na wasipone.

Ndiyo maana watafiti huwagawa wagonjwa kwa kura: nusu wanapata dawa, nusu wanapata kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani, na mgonjwa hajui yuko upande gani. Njia hii imewaangusha wengi waliokuwa wakisifiwa. L-kanitini, kirutubisho kinachouzwa kwa jina la kuongeza nguvu, ilijaribiwa hivyo kwa wagonjwa 376 wa saratani wenye uchovu kwa majuma manne. Uchovu ulipungua kwa waliokunywa, na ulipungua vivyo hivyo kwa waliokunywa kidonge kitupu. Kama kusingekuwa na kundi la pili, leo tungekuwa tunaisifia.

Basi kipi kimesimama? Jibu linashangaza, na wauza chupa halina faida kwao: ni mazoezi. Mwaka 2017 jarida la JAMA Oncology lilichapisha uchambuzi wa tafiti 113 zenye washiriki 11,525. Mazoezi ya mwili na ushauri wa kisaikolojia vilipunguza uchovu kuliko dawa zilizotolewa kwa ajili hiyo. Kumwambia mtu aliyechoka asimame atembee kunasikika kama ukatili, na nimeona ndugu wakimkataza mgonjwa hata kufagia chumba chake. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini misuli inayolazwa hunywea, na misuli iliyonywea huchoka kwa kazi ndogo zaidi, hivyo pumziko lisilo na mpaka huzaa uchovu. Kiwango ambacho wataalamu wamekitaja ni mwendo wa wastani wa dakika 30, mara tatu kwa juma, kwa miezi mitatu hivi. Wastani maana yake unaweza kuongea ukitembea, lakini huwezi kuimba. Asiyeweza dakika 30 aanze na tano, hadi kwenye mwembe na kurudi. Aliyeambiwa kwamba saratani imefika kwenye mifupa, mwenye homa, mwenye damu pungufu sana, au anayebanwa kifua asianze bila kumwuliza daktari.

Ushauri wa kisaikolojia, ule wa kubadili mawazo na tabia zinazolisha uchovu, unapatikana kwa shida huku kwetu, ingawa sehemu yake mgonjwa anaweza kujifundisha: kuamka saa ileile kila siku, kusinzia mchana kusizidi nusu saa au zaidi kidogo, na kupanga kazi muhimu ya siku kwenye saa ambazo mwili una nguvu. Kama nguvu yako ipo saa tatu hadi saa tano asubuhi, usiitumie kuosha vyombo ambavyo mtoto anaweza kuosha. Oga ukiwa umekaa kwenye stuli. Menya ndizi ukiwa umekaa.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2024 na chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, pamoja na wataalamu wa tiba jumuishi, unayataja hayo mawili, na kuongeza mazoezi ya kutuliza mawazo na yale ya polepole ya Kichina yaitwayo tai chi. Yoga na kubonyeza sehemu maalumu za mwili kwa vidole vinatajwa kwa waliomaliza matibabu, kwa uhakika mdogo zaidi. Kukandwa huwaliwaza wengi, ila pasikandwe penye uvimbe, wala mguu uliovimba ghafla, maana huenda una damu iliyoganda. Na chembe sahani zikiwa chini hata mkono mwepesi unaweza kuacha michubuko. Kuhusu jinsengi, utafiti wa mwaka 2013 kwa wagonjwa 364 ulionyesha nafuu baada ya majuma manane, si manne, kwa unga wa mzizi wa jinsengi ya Kimarekani, miligramu 2,000 kwa siku. Kopo la kinywaji lenye picha ya mzizi si dawa hiyo.

Dawa za mitishamba zinahitaji tahadhari zaidi ya hapo. Mlonge, muarobaini, mshubiri, vyote ni viumbe vya Mungu na kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinakiri kwamba dawa hutoka katika ardhi. Sura hiyohiyo inaagiza tabibu aheshimiwe. Tatizo ni kwamba dawa za saratani huondolewa mwilini kupitia ini na figo, na mitishamba nayo hupita humo humo. Kinachochelewesha dawa huifanya sumu. Kinachoiharakisha huifanya maji. Vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza kutokwa damu. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina ubishi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, na hilo ni jema, lakini usajili wa mganga si ushahidi kwamba dawa yake imepimwa pamoja na dripu yako. Beba chupa zote kliniki, uziweke mezani. Muuguzi akikemea, vumilia. Afadhali akemee akiwa anajua.

Waamini hutuuliza pia kama haya yanaruhusiwa. Katekisimu, namba 2117, inakataza uchawi na inasema wazi kwamba tiba za asili hazihalalishi kuita nguvu za giza wala kutumia vibaya urahisi wa watu kuamini. Kwa hiyo jani si tatizo. Kafara inayoambatana na jani ndiyo tatizo, na mfuko wa mgonjwa unaokamuliwa pia ni tatizo. Juu ya mbinu za Mashariki, barua ya Idara ya Mafundisho Tanzu ya Imani ya mwaka 1989 haikatai kila kitu, ila inaonya kwamba utulivu unaoletwa na mkao wa mwili au pumzi usidhaniwe kuwa ni faraja ya Roho Mtakatifu. Mwili ukitulia, umetulia. Mshukuru Mungu kwa hilo bila kuliita jina kubwa. Nililipenda jaribio moja la Italia la mwaka 2001: watu wazima 23 wenye afya walisali Salamu Maria kwa Kilatini, na pumzi zao zikashuka hadi kama sita kwa dakika. Rozari humpumzisha anayeisali. Lakini anayeisali ili apumzike tu ameigeuza kidonge, na sidhani Mama Maria ameomba hilo.

Mtakatifu Thomaso wa Akwino aliandika jambo ambalo wachache hulitegemea kutoka kwake. Katika Summa, anapouliza huzuni itulizwe kwa nini, anataja machozi, huruma ya marafiki na kuutafakari ukweli, kisha anaongeza usingizi na kuoga. Kwake mwili si gunia la kubebea roho. Kinachourudisha mwili katika mwendo wake wa kawaida humgusa mtu mzima.

Kwa Jumuiya zetu, basi, anayetaka kupeleka kitu kwa mgonjwa apeleke ndoo mbili za maji, au saa moja ya kutembea naye, au nauli ya kliniki. Sala ya Jumuiya nyumbani kwake ifupishwe. Mpako wa Wagonjwa usingojee dakika za mwisho, kwani Kanisa huutoa mara hatari inapoanza kutokana na ugonjwa, na unaweza kurudiwa hali ikizidi. Na mgonjwa anayelazimika kula kidogo kidogo asikose Komunyo kwa kuhofia saa moja ya kufunga: kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa inamruhusu kupokea hata kama ametoka kula sasa hivi, na inamruhusu vilevile anayemuuguza.