Kupima Ubora wa Matunzo katika Makao ya Wazee

Makao ya wazee yanayotoa uuguzi wa saa 24 huwapokea watu wasioweza tena kuoga, kula, kugeuka kitandani au kwenda chooni bila msaada. Kuyapima si sawa na kupima hospitali. Hospitalini mgonjwa hulazwa, hutibiwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani; lakini makao ndiyo nyumbani kwenyewe, na wengi wanaoingia humo hawatoki tena wakiwa hai. Anayetathmini hana budi kuuliza mambo mawili kwa pamoja: je, uuguzi ni salama, na je, maisha ya mkazi yana utu ndani yake?

Marekani ina makao ya aina hii yapatayo 15,000 na wakazi wapatao milioni 1.2, na vipimo vyake vingi viko wazi kwa yeyote anayetaka kuvisoma. Wasemaji wengi wa Kiswahili waliohamia huko wanayajua makao haya kwa ndani, kwa kuwa kazi ya uhudumu wa wagonjwa ni miongoni mwa kazi za kwanza wanazozipata.

Mfumo wa sasa ulizaliwa na kashfa za miaka ya nyuma. Mwaka 1986 taasisi ya kitaifa ya tiba ya nchi hiyo, Institute of Medicine, ilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa ukaguzi ulikuwa ukiangalia majengo na makaratasi kuliko watu. Desemba 1987 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyogeuza shabaha: makao yatapimwa kwa jinsi yanavyomsaidia kila mkazi kufikia na kudumisha hali bora kadiri afya yake inavyoruhusu, kimwili, kiakili na kijamii. Sheria hiyo iliagiza kila mkazi afanyiwe tathmini kwa fomu moja ya taifa, mhudumu apate mafunzo yasiyopungua saa 75, na kumfunga mtu kitandani au kwenye kiti kusiwe njia ya kumdhibiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya mkazi mmoja kati ya watano alikuwa akifungwa kwa mikanda au vizuizi vingine. Leo hawafiki hata mmoja kati ya 100. Jambo lililokuwa likitetewa kuwa ni la lazima kwa usalama lilikoma kuwa la lazima mara lilipoanza kuhesabiwa.

Fikra iliyo nyuma ya vipimo vingi vya huduma za afya ni ya daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1966 aliandika kwamba ubora unaweza kutazamwa katika ngazi tatu: nyenzo zilizopo, kazi inavyofanyika, na matokeo kwa mgonjwa. Kwa makao ya wazee, nyenzo ni idadi ya wauguzi na vifaa; kazi ni kugeuzwa, kulishwa, kupewa dawa kwa wakati; matokeo ni ngozi iliyo nzima, uzito usioporomoka, mtu asiyeanguka ovyo. Ngazi moja peke yake hudanganya. Jengo jipya linalong'aa laweza kuwa na wakazi wenye vidonda, na makao yenye vifo vingi yaweza kuwa yanapokea watu mahututi ambao wengine huwakataa.

Chanzo cha kwanza cha taarifa ni ukaguzi wa serikali. Wakaguzi wa jimbo hufika bila taarifa, na muda kati ya ukaguzi mmoja na unaofuata hauruhusiwi kuzidi miezi 15. Hukaa siku kadhaa, wakitazama wauguzi wakigawa dawa, wakikaa na wakazi wakati wa chakula na kupekua mafaili. Kila kosa hupewa herufi kuanzia A hadi L, kulingana na uzito wake na idadi ya watu lililowagusa. Kuanzia G kwenda juu, kuna mtu aliyeumia au aliyekuwa hatarini kuumia vibaya. J, K na L humaanisha hatari ya papo hapo kwa maisha au afya. Ripoti ya karibuni lazima iwekwe mahali ambapo mkazi au ndugu anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa.

Katika kuisoma, wingi wa makosa si jambo la kutazama kwanza. Karibu kila makao hupatikana na kosa fulani, hata kama ni friji ya jikoni isiyoandikwa joto lake. Linalostahili kutisha ni herufi za juu, na zaidi ya hizo, kosa lilelile likijirudia ukaguzi baada ya ukaguzi, kwa sababu uongozi ulikwisha kuonyeshwa na haukurekebisha.

Desemba 2008 serikali ilianza kuyapa makao nyota, kuanzia moja hadi tano, zinazoonekana kwenye tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Hesabu huanzia kwenye ukaguzi, kisha huongezwa au kupunguzwa kwa kuangalia idadi ya wauguzi na vipimo vya hali za wakazi. Nyota hizi zina faida, ila zina mipaka ambayo familia nyingi hazielezwi. Nyota za ukaguzi hutolewa kwa kulinganisha makao ya jimbo moja tu: asilimia 10 bora hupata tano, na asilimia 20 za mwisho hupata moja. Ni kama kumpima mwanafunzi kwa nafasi yake darasani bila kutaja alama. Wa kwanza katika darasa dhaifu bado ni wa kwanza. Kwa hiyo nyota nne za Texas na nyota nne za Minnesota si kitu kimoja.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi. Vipimo vingi vya hali za wakazi vinatokana na fomu zinazojazwa na makao yenyewe. Dawa za magonjwa ya akili ni mfano. Wazee wenye ugonjwa wa kusahau hupewa dawa hizi ili watulie, ingawa tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka zibebe onyo kali kwamba huongeza vifo kwa wazee wa kundi hilo. Kipimo huhesabu ni wakazi wangapi wanazitumia, lakini humwacha nje mwenye skizofrenia, kwa kuwa yeye anazihitaji kweli. Matokeo yake, baadhi ya makao yaliwaandikia wazee ugonjwa huo bila ushahidi, na mwaka 2023 serikali ikaanza kuzikagua rekodi hizo. Skizofrenia ni nadra sana kuanza mtu akiwa na miaka 80. Ndugu akiona neno hilo ghafla kwenye faili la mzazi wake, ana haki ya kuuliza nani aliligundua, lini, na kwa uchunguzi gani.

Kipimo kinachobeba uzito kuliko vyote ni mikono. Utafiti uliofanywa kwa serikali na kutolewa 2001 ulikadiria kwamba mkazi wa muda mrefu anahitaji takriban saa 4.1 za uuguzi kwa siku, zikiwemo saa 2.8 za mhudumu na dakika 45 za muuguzi aliyesajiliwa. Chini ya hapo ubora huathirika. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kanuni ya saa 3.48, lakini mahakama moja ya Texas ikaifuta Aprili 2025 kabla masharti yake makuu hayajaanza kutumika. Tangu 2016 makao hulazimika kutuma idadi ya saa kutoka kwenye orodha ya mishahara, na tangu 2022 nyota huzingatia pia wikiendi na kasi ya wafanyakazi kuacha kazi. Takwimu hizi ni ngumu kughushi kuliko fomu, na ndizo zinazofaa kutazamwa kwanza.

Hesabu ya zamu moja huonyesha sababu. Mhudumu aliyepewa wazee 15 kwa saa nane ana dakika 32 kwa kila mmoja, kabla ya kuondoa muda wa kula, wa kuandika na wa kukabidhiana zamu. Ndani ya dakika hizo kuna kumwosha, kumvalisha, kumbadilisha pampasi mara kadhaa na kumlisha mtu anayemeza polepole. Mzee anayenyanyuliwa kwa mashine kwa kawaida huhitaji watu wawili, kwa hiyo mhudumu wa pili anaacha wazee wake. Kinachoachwa katika mbio hizo ni yale yasiyopiga kelele: meno hayasuguliwi, maji hayanyweshwi, na asiyeweza kusema hageuzwi. Lawama hapa ni ya anayepanga zamu, kabla ya kumfikia mhudumu.

Mwili huyatoa hayo nje kupitia vidonda vya kulalia. Mfupa wa kiunoni, nyonga na visigino hukandamiza ngozi dhidi ya godoro, damu hukosa kupita, na nyama hufa. Daraja la kwanza ngozi bado haijapasuka. La nne kidonda kimefika kwenye msuli au mfupa. Vitabu vingi hutaja wekundu kama dalili ya kwanza, jambo lisilosaidia kwa ngozi nyeusi. Kwa mzee mweusi hutazamwa sehemu iliyokolea rangi kuliko pembeni yake, hupapaswa kama ni ya moto, ya baridi au ngumu, na huulizwa kama inauma. Kipimo hiki kikipuuzwa, kidonda hugunduliwa kikiwa tayari wazi. Swali linalofaa kuulizwa makao ni wangapi walipata vidonda wakiwa humo, kwani wengine hufika navyo kutoka hospitali.

Uzito nao husema. Mkazi aliyepoteza asilimia 5 kwa mwezi, au 10 kwa miezi sita, anahitaji kuchunguzwa mara moja. Kati ya chakula cha jioni na kifungua kinywa haziruhusiwi kupita zaidi ya saa 14, isipokuwa apewe kitu cha kushibisha kabla ya kulala. Saa ya mlo ndiyo bora kwa ziara: huonekana nani ameketi pembeni anayelisha, na ni sahani ngapi zinarudishwa jikoni hazijaguswa kwa sababu hakuna aliyekuja.

Ziara ya Jumapili jioni hufunua zaidi ya ile ya Jumanne asubuhi, wakati meneja yuko mlangoni. Kengele ya kuita inalia kwa muda gani? Harufu ya mkojo ni ya chumba kimoja au ya korido nzima? Mhudumu anamwita mzee kwa jina na kumweleza anachotaka kufanya kabla ya kumgusa? Idadi ya wauguzi wa siku hiyo lazima ibandikwe wazi, na inaweza kulinganishwa na wanaoonekana.

Yapo mambo yasiyo na nyota. Ugonjwa wa kusahau waweza kufuta lugha aliyojifunza mtu ukubwani na kumwachia ya utotoni, hivyo mama wa Mombasa aliyezeekea Ohio akaomba maji kwa Kiswahili na kuandikwa kuwa anapayuka. Mwingine hukataa kuoga, kumbe hataki kuvuliwa na mwanamume; mwingine hagusi nyama asiyoijua imechinjwa vipi. Mahali pa kuyaweka haya ni mpango wa matunzo. Tathmini kamili hufanywa ndani ya siku 14 tangu mtu aingie, mpango hukamilishwa ndani ya siku saba baada ya hapo, na mkazi na ndugu anaowataka wana haki ya kuhudhuria kikao. Hali hupitiwa upya angalau kila miezi mitatu, na mambo yakibadilika sana tathmini kamili hurudiwa.