Kweli au Si Kweli: Faida ya Kenya Airways Ilipotelea Wapi?

"Mapato yakipanda, kampuni imepata faida."

Si kweli. Mwaka 2023 mapato ya Kenya Airways yalipanda kwa zaidi ya nusu, yakafika takribani Sh178 bilioni. Bado shirika lilifunga mwaka kwa hasara ya karibu Sh22.7 bilioni.

"Basi ndege zilirushwa kwa hasara."

Si kweli pia, na hapa naomba mwenye hisa asiwe na haraka. Baada ya kutoa mafuta, mishahara, matengenezo na ada za viwanja, ilibaki faida ya uendeshaji ya Sh10.5 bilioni. Kazi yenyewe ya kubeba abiria na mizigo ililipa. Kwenye taarifa ya mapato, shuka mistari michache chini yake ukutane na riba, kisha hasara ya ubadilishaji wa fedha. Shirika lilikuwa na mikopo mikubwa ya dola, na mwaka ule dola moja ilipanda kutoka kama Sh123 hadi Sh156. Deni lilelile, bila kukopa hata senti zaidi, likavimba kwenye vitabu vya shilingi. Anayeruka kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho huwalaumu marubani kwa kosa la sarafu.

"Hasara ni pesa iliyokwisha kutoka benki."

Si lazima. Uvimbe ule wa deni uliandikwa kuwa hasara kabla dola zenyewe hazijalipwa. Uchakavu wa ndege nao hukatwa kila mwaka, ingawa ndege ilinunuliwa zamani. Kinyume chake, tiketi iliyolipiwa Desemba kwa safari ya Februari tayari imeleta pesa, ila haihesabiwi kuwa mapato mpaka abiria asafiri. Anayetafuta pesa taslimu asome taarifa ya mtiririko wa fedha.

"Faida ya 2024 ilionyesha shirika limepona."

Nusu tu ni kweli. Ilikuwa Sh5.4 bilioni, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10. Faida ya uendeshaji ilipanda hadi Sh16.6 bilioni, na hilo ni jasho la wafanyakazi. Lakini safari hii shilingi nayo iliimarika, dola ikashuka hadi kama Sh129, na deni likanywea vitabuni. Tena taarifa ya mapato haikuambii deni limebaki kiasi gani. Hilo liko kwenye mizania, ambako mwisho wa mwaka huo madeni bado yalizidi mali.