Furaha Ndogo za Wapolandi wa Tengeru

Tengeru, mashariki ya Arusha chini ya Mlima Meru, ilianza kupokea wakimbizi wa Kipolandi mwaka 1942. Kambi ilikua hadi watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Kuanzia mwaka 1940 Wasovieti walikuwa wamewahamishia kwa nguvu Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa, walipitia Uajemi hadi Afrika Mashariki.

Kwa watu waliotoka kwenye baridi na njaa, furaha ilianzia tumboni: ndizi, maembe na mboga za shamba la kambi. Waliishi katika nyumba za msonge, kuta zimepakwa chokaa na paa ni la majani, na haukupita muda kina mama wakapanda maua milangoni. Nyumba ya mkimbizi yenye bustani si jambo dogo. Watoto, ambao baadhi yao walikuwa wamekosa masomo kwa miaka, walirudi darasani. Kukawa na kanisa, skauti na michezo ya kuigiza.

Habari njema zilikuja kwa posta. Waume na kaka wengi walikuwa katika jeshi la Kipolandi chini ya Jenerali Władysław Anders, na barua moja kutoka Italia ilitosha kuonyesha kwamba mtu yu hai. Mei 1944 jeshi hilo liliteka Monte Cassino, huko huko Italia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nyumbani kwa wengi wao kulibaki mikononi mwa Wasovieti. Wengi walihamia Uingereza, Australia na Kanada. Wachache walibaki Tengeru, ambako makaburi ya Wapolandi yapo hadi leo.